Antonio, bahari na mbwa mwitu: maswali yenu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanaosoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Karibu zote zinazunguka jambo moja: mhusika akimfananisha mwenzake na mnyama au bahari, tumsome vipi? Nimechagua chache.

Shikamoo Mwalimu. Mahakamani Antonio anataja bahari, mbwa mwitu na miti ya mlimani. Darasani tuliandika "tashibiha" tukaendelea. Kuna zaidi?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Masasi

Marahaba. Kuna zaidi, tena mengi. Kumbuka hali ilivyo: Shylock, mkopeshaji Myahudi, anadai ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, kama walivyoandikiana, kwa kuwa deni la dukati (sarafu za dhahabu) 3,000 halikulipwa kwa wakati. Marafiki wanambembeleza. Antonio anawaambia waache, maana kubishana na Myahudi huyu ni sawa na kusimama ufukweni ukayaamuru maji yasijae, au kumuuliza mbwa mwitu kwa nini amemliza kondoo kwa ajili ya mwanawe, au kuikataza misonobari ya mlimani isitikisike upepo ukivuma.

Wewe uko bara kidogo, lakini muulize yeyote wa Mikindani, kule pwani, habari za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida. Maji yakijaa hakuna anayegombana nayo. Wanaokwenda kutafuta pweza husubiri yapwe. Kwa hiyo Antonio amesema kweli kuhusu bahari, na kwa sababu ni kweli kuhusu bahari, tunamkubalia pia kuhusu mtu kabla hatujafikiri. Nguvu ya taswira yake iko hapo, na hatari yake iko hapo hapo.

Bahari haijajaa kwa sababu ilitukanwa. Shylock alitukanwa. Siku ya kukopeshana alimkumbusha Antonio kwamba amemwita mbwa na kumtemea mate, akamuuliza kama mbwa huwa na fedha za kukopesha. Antonio hakukana, alijibu kwamba huenda akamwita hivyo tena na kumtemea tena. Basi ugumu wa moyo ule una historia, na Antonio ana mkono wake ndani ya historia hiyo. Akimgeuza Shylock kuwa maji ya bamvua, mkono huo hauonekani tena. Ukipata swali kuhusu ubaguzi wa Antonio, anzia hapa: amemweka binadamu mwenye sababu katika kundi la vitu visivyo na sababu, ili yeye mwenyewe asiulizwe kitu.

Ongeza na hili, ambalo wengi hulipita. Antonio ni mfanyabiashara anayeamini kwamba merikebu zake zimezama. Bahari anayoitaja ndiyo anayodhani imemfilisi. Naona hofu yake kwa bahari na chuki yake kwa Shylock zimekutana katika sentensi moja, na pengine hata yeye hajui.

Mwalimu mwenzangu, salaam. Wanafunzi wangu wamemhurumia Shylock hadi wanasema hana chuki yoyote. Nawajibuje?
Mwalimu wa sekondari, Newala

Salaam. Warudishe kwenye sehemu ya tatu, pale anapoulizwa nyama ya Antonio itamfaa nini. Anajibu kwamba itafaa kuwa chambo cha samaki. Watoto wa kusini wanajua chambo hukatwa vipi, kwa hiyo waache wakae na picha hiyo kidogo. Mbele ya mahakama anakwenda mbali zaidi: anauliza, kama nyumba yake ina panya anayemsumbua, nani atamzuia kutoa dukati 10,000 ili panya huyo auawe? Panya ni Antonio.

Lakini jibu lile lile lililoanza na chambo ndilo lenye maneno mazuri kuliko yote aliyopewa: kwamba Myahudi ana macho na mikono, na kwamba kiangazi kimoja kinampasha joto yeye na Mkristo, na kipupwe kimoja kinawapoza. Antonio aliitumia dunia ya asili kumtenga mtu. Hapa Shylock anaitumia kuwaweka watu wawili chini ya jua moja. Kisha anamalizia kwa kulipiza kisasi. Waambie wanafunzi wasichague kipande kimoja. Baadaye anamwambia Antonio: uliniita mbwa bila sababu, basi sasa jihadhari na meno yangu. Hapo tusi limekwisha kuingia mwilini.

Mji wetu ulipitishiwa watumwa. Nimeshtuka kusoma Shylock akiwataja pamoja na punda na mbwa. Naye ni wale wale?
Msomaji, Mikindani

Tazama anasema na nani. Anawaambia wakubwa wa Venisi: ninyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda, mbwa na nyumbu wenu, na mkiambiwa muwaache huru mtajibu kwamba ni mali yenu. Mfano wa wanyama hapo unaonyesha macho ya wanaosikiliza. Ila usimfanye mtetezi wa watumwa. Anataka tu haki yake ya mali iheshimiwe kama yao, na jambo hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Portia ni mwerevu na mwenye huruma. Si yeye basi mhusika asiye na ubaguzi?
Mama msomaji, Nachingwea

Hapana, mama. Anayetaka kumwoa Portia lazima achague kasha sahihi. Mmoja wa wachumba hao, Mwanamfalme wa Moroko, anamwomba asiichukie rangi yake, kwani ni vazi alilopewa na jua, jirani yake. Portia, kabla hajamwona, ameshataja rangi ya shetani. Na mwanamfalme akishindwa kuchagua kasha, Portia anatamani wote wa rangi hiyo wachague vivyo hivyo. Mmoja amesema jua, mwingine amesema shetani.

Naandika hadithi. Mhusika wangu ametoka mbali, ananunua korosho kwa kangomba, yaani kwa bei ya chini nje ya utaratibu rasmi, na kuwadharau wakulima. Nimemfanya awaite nyani na kunguru. Rafiki yangu anasema ni matusi tu.
Kijana, Tandahimba

Rafiki yako yuko sahihi. Futa nyani na kunguru, kisha mpitishe mtu wako shambani msimu wa kuokota. Aone kivuli kizuri, mabibo mekundu yameanguka, korosho zimelala chini. Aseme moyoni: mti unajizalia wenyewe, watu wa huku kazi yao kuinama tu. Ni kweli korosho huokotwa. Ila hakuiona palizi, wala mtu aliyejifunga kitambaa usoni akipuliza dawa ya salfa wakati maua yanatoka, ili ugonjwa wa ubwiri unga usiyamalize. Kazi yote ameupa mti, na bei atakayotaja mlangoni itatoka katika picha hiyo. Msomaji wa Tandahimba atamjua bila wewe kusema neno "dharau".

Ukimaliza, mpe mkulima asome kabla ya kuniletea mimi. Kama umekosea mwezi wa salfa, yeye ataona kwanza.