Maswali ya Wasomaji: Nani ana haki ya kumshuhudia mwenzake katika mnada wa mtandaoni?

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya salamu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Leicester, Uingereza. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikinunua kamera za zamani za filamu, nikizisafisha na kuziuza katika tovuti moja ya mnada. Mwezi uliopita niliuza kamera ambayo kifuniko chake cha betri kilikuwa na ufa. Niliutaja ufa huo katika tangazo na kuupiga picha kwa karibu, nikiweka kidole kando yake ili ukubwa wake uonekane. Aliyeshinda mnada alipoipokea kamera hakuniandikia neno lolote, bali alikwenda moja kwa moja kuniwekea maoni hasi: "Imevunjika. Muuzaji mwongo." Nilikuwa na maoni 40, yote mazuri. Nilipotaka nami kumwekea maoni hasi ili wauzaji wenzangu wamjue, nilikuta tovuti inaniruhusu kumsifu tu. Haki iko wapi ikiwa mmoja anaruhusiwa kuhukumu na mwenzake amefungwa mdomo? — *Muuzaji wa kamera, Leicester*

JIBU: Ndugu yetu wa Leicester, pole kwa yaliyokupata. Neno "mwongo" ni zito kwa mtu aliyeweka kidole chake kando ya ufa ili asimdanganye mtu. Hukuitaja tovuti, nasi hatutaiuliza. Hata hivyo, kanuni unayoilalamikia ina historia, na historia hiyo inafahamika zaidi kupitia eBay, tovuti ya mnada ya Marekani, kwa hiyo tuanzie hapo.

Pierre Omidyar alipoanzisha mnada huo huko California mwaka 1995, watu wasiojuana walianza kutumiana fedha na vifurushi, na waliokosana walimgeukia yeye awaamulie. Mwezi Februari 1996 aliweka utaratibu wa kila upande kuuandikia mwenzake maoni hadharani: alama moja ya kuongeza kwa aliyeridhika, alama moja ya kupunguza kwa asiyeridhika, na sifuri kwa aliye katikati. Mnunuzi aliweza kumpima muuzaji, na muuzaji aliweza kumpima mnunuzi. Kwa kuitazama tu, hiyo ndiyo haki unayoidai.

Tatizo lilijitokeza katika matumizi. Fikiria mnunuzi mgeni mwenye maoni sita tu, ambaye amepokea kitu kibovu kutoka kwa muuzaji mwenye maoni elfu mbili. Anajua kwamba akisema ukweli, jioni hiyohiyo atawekewa maoni hasi ya kulipiza kisasi, na kwamba alama hiyo moja kati ya saba itamchafua yeye kuliko itakavyomgusa muuzaji. Wako wauzaji waliokuwa wakizuia maoni yao makusudi mpaka mnunuzi atangulie, ili wabaki na fimbo mkononi. Matokeo yake, walioumia walinyamaza. Watafiti Paul Resnick na Richard Zeckhauser walichunguza mauzo ya eBay ya mwaka 1999 wakakuta kwamba wanunuzi walitoa maoni katika nusu tu ya mauzo au zaidi kidogo, na kwamba takriban maoni 99 kati ya 100 yalikuwa mazuri. Mtu yeyote aliyewahi kununua kitu asichokiona anaweza kujiuliza kama kweli biashara duniani huenda vizuri kiasi hicho.

Ndiyo maana mwaka 2008 eBay iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwaandikia wanunuzi maoni hasi au ya katikati. Wauzaji wengi walikasirika, na mwezi Februari mwaka huo baadhi yao waligoma kwa kuacha kuweka bidhaa mnadani.

Sasa nitakueleza ninavyoona mimi, na huenda usipendezwe. Pande hizi mbili hazibebi hatari iliyo sawa, kwa hiyo kuzipa silaha zilizo sawa si lazima kuwe ni haki. Katika mnada wa uwanjani dalali hukiinua kitu juu watu wote wakione, na mwenye nia husogea, akashika kitambaa, akavuta uzi, akagonga sufuria kwa kidole asikie mlio wake, kisha ndipo ataje dau. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, kwa sababu kilikuwa mbele ya macho. Mtandaoni mnunuzi hutoa fedha kabla hajagusa chochote, na kinachomwongoza ni picha pamoja na jina la muuzaji tu. Muuzaji kwa upande wake anahitaji kujua jambo moja hasa, kama mtu huyu atalipa, na akishalipwa sehemu kubwa ya hofu yake imekwisha. Sifa ya muuzaji ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Sifa ya mnunuzi haifikii uzito huo.

Hata hivyo, nakubaliana nawe kwamba kanuni ile iliacha pengo. Wapo wanunuzi wanaorudisha kamera tofauti na waliyotumiwa, na wapo wanaotishia: nipunguzie bei, la sivyo nakuharibia jina. Muuzaji aliyetendewa hivyo amebaki bila mahali pa kutolea ushahidi ambapo wenzake watauona. Kwa maoni yangu, dawa bora ni ile iliyoanza kutumiwa na Airbnb mwaka 2014 kati ya wapangishaji wa nyumba na wageni wao: kila mmoja anaandika maoni yake bila kuona ya mwenzake, nayo hufunguliwa kwa pamoja wote wawili wakishaandika, au muda wa siku 14 ukiisha. Hapo kisasi hakipati nafasi, kwa sababu huwezi kulipiza maneno ambayo hujayasoma. Ningependa kuona minada yote ikifuata njia hiyo, kwa kuwa ingemrudishia muuzaji sauti bila kumtisha mnunuzi.

Kabla hujachukua hatua yoyote, fungua tena tangazo lako ulisome kama mgeni. Je, ufa ulitajwa katika mstari wa kwanza au wa kumi na tano? Je, pale unapochagua hali ya kifaa uliandika kwamba ni kizuri sana? Wanunuzi wengi husoma kwenye simu, wakiwa katika basi, na hawafiki chini ya ukurasa. Sisemi kwamba ulificha, nasema kwamba huenda mnunuzi hakukufahamu, na kati ya mtu ambaye hakufahamu na mtu mbaya kuna tofauti kubwa.

Ukiridhika kwamba ulieleza wazi, tumia haki uliyonayo, yaani haki ya kujibu chini ya maoni yale. Kwa muda mrefu maoni ya eBay yalifungwa ndani ya herufi 80, jambo lililowafundisha watu kuandika kwa ukali badala ya kueleza. Ukipewa nafasi zaidi ya hiyo, itumie kwa utulivu. Mfano: "Ufa wa kifuniko cha betri umetajwa katika tangazo na kuonyeshwa katika picha ya nne. Nilikuwa tayari kuipokea kamera na kurudisha fedha." Usiongeze neno. Jibu hilo halisomwi na aliyekuumiza, linasomwa na mnunuzi ajaye, naye atapima nani kati yenu ametaja jambo linaloweza kuhakikishwa. Baada ya hapo mwandikie mnunuzi ujumbe wa faragha, mtatue shida yake kwanza, kisha umwombe abadilishe maoni kupitia utaratibu rasmi wa tovuti. Maombi ya namna hiyo yana kikomo: eBay humruhusu muuzaji maombi matano kwa kila maoni 1,000 anayopata kwa mwaka. Ikiwa mnunuzi alikutishia kwa maandishi, ripoti tishio hilo na uambatanishe ujumbe wenyewe. Unaweza pia kumzuia asishiriki tena katika minada yako.

Tena usikate tamaa. Ni kweli kwamba maoni mazuri 40 kati ya 41 yanakushusha hadi asilimia 97.6, ilhali mwenye maoni 4,000 asingeona tofauti yoyote, na huo ni uonevu wa hesabu kwa mfanyabiashara mdogo. Lakini Resnick na wenzake walifanya jaribio, lililochapishwa mwaka 2006, ambapo muuzaji mwenye sifa ya siku nyingi aliuza kadi za posta za zamani kwa jina lake, na pia akauza kadi za aina hiyohiyo kwa majina mapya yasiyojulikana. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 8 zaidi kwa jina linalofahamika. Na walipolinganisha wauzaji wapya wenye maoni hasi moja au mawili na wale wasiokuwa nayo, hawakuona kwamba wanunuzi walipunguza bei waliyokuwa tayari kulipa. Wanunuzi wengi hawakimbii kwa doa moja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilinunua saa ya mkono ya zamani kupitia mnada wa mtandaoni, nikaipokelea kwa binamu yangu aliyeko Manchester, naye akaniletea Dar es Salaam. Tangazo lilisema inashika majira vizuri, lakini inachelewa dakika kumi kila siku. Nilipolalamika, muuzaji alisema atanirudishia pauni 15 iwapo nitamwekea nyota tano. Binamu yangu ananiambia nipokee, nisiharibu riziki ya mtu. Nifanye nini? — *Mnunuzi wa saa, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu yetu, ndani ya ofa hiyo mambo mawili yamefungwa pamoja, nawe yafungue. Kurudishiwa sehemu ya fedha kwa kitu chenye kasoro ni haki yako, na muuzaji anayefanya hivyo anatenda vyema. Kulipwa ili useme usichokiamini ni kuuza ushahidi wako. Kanuni za eBay zinakataza kutumia maoni kama chambo au tishio. Nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024 inakataza biashara kutoa malipo kwa sharti kwamba maoni yawe ya kusifu au ya kuponda. Uingereza nayo ilipiga marufuku maoni bandia, pamoja na maoni yaliyolipiwa huku malipo yakifichwa, kupitia sheria ya mwaka 2024 ambayo sehemu yake hiyo ilianza kutumika tarehe 6 Aprili 2025.

Hoja ya binamu yako kuhusu riziki siidharau hata kidogo, kwa sababu watu wetu wengi huku ughaibuni wanalipia karo na kodi za nyumba kwa biashara hizi ndogondogo. Lakini kuna riziki ya mtu mwingine ambaye haonekani katika mazungumzo yenu. Ni yule muuzaji wa saa aliyeandika kwa ukweli kwamba saa yake inachelewa, akapata dau dogo kwa sababu hiyo, na sasa anashindana na nyota tano zilizonunuliwa kwa pauni 15.

Mjibu muuzaji kwamba unapokea fedha bila sharti. Akikataa, fungua shauri la kurudisha bidhaa ikiwa muda haujapita, na hifadhi ujumbe wake. Akikubali, andika yote mawili: "Saa inachelewa dakika kumi kwa siku, tofauti na tangazo. Nilipomweleza muuzaji alinirudishia pauni 15." Maoni hayo yanamtendea haki hata yeye, kwa kuwa yanaonyesha kwamba kosa lilitokea na kwamba alilirekebisha.

Huenda unahofu kwamba atakushtaki. Mwaka 2013 kampuni moja ya Ohio, Marekani, ilimshtaki mnunuzi wa South Carolina aliyeandika kwamba kifurushi chake kilifika kikiwa na deni la posta. Deni lenyewe lilikuwa dola 1.44. Mnunuzi alikuwa amesema kweli, umma ukaikemea kampuni, na mkuu wake akaomba radhi. Kinachomlinda mwandishi wa maoni ni kueleza alichokiona na kukipima. Ukisema "dakika kumi kwa siku", umesema jambo ambalo fundi yeyote wa Kariakoo anaweza kulithibitisha. Ukisema "tapeli", umehukumu nia ya mtu usiyemjua.

SWALI: Nimenunua mnadani stempu za zamani za Zanzibar. Muuzaji anasema hataniandikia maoni mpaka mimi nitangulie. Nani anapaswa kuanza? — *Mkusanyaji wa stempu, Muscat*

JIBU: Yeye. Wajibu wako mkubwa ulikuwa kulipa, nawe umelipa, kwa hiyo ameshakujua kiasi cha kukuandikia. Akisubiri yako kwanza, anayafanya maoni yako kuwa bei ya maoni yake, hata kama tovuti haimruhusu kukuwekea maoni hasi. Usibishane naye, wala usiharakishe kwa ajili yake, kwani eBay hutoa siku 60 za kuandika maoni, na kwa bidhaa kama yako siku hizo zina kazi. Ikiwa ulizonunua ni zile stempu za India zilizopigwa chapa ya neno Zanzibar mwaka 1895 na 1896, fahamu kwamba chapa hizo zimeghushiwa sana. Angalia kwanza siku ya mwisho ya kurudisha bidhaa, maana mara nyingi hufika kabla ya siku ya mwisho ya kuandika maoni. Kisha zitazame kwa lenzi chini ya mwanga mzuri, hesabu meno ya ukingo wa kila upande, geuza uone gundi na alama za kutengenezwa upya, linganisha herufi za chapa moja baada ya nyingine na mfano unaoaminika, na ikibidi mpelekee mtaalamu. Akishakujibu, ndipo uandike.