Mvutano mdogo hausaidii kama hewa ni haba

Umeuliza kwa nini helikopta ya Mars iliwasumbua wahandisi wakati mvutano wa huko ni kama theluthi moja tu ya wa kwetu. Ndugu, tatizo ni hewa. Ni nyepesi mno, takriban asilimia 1 ya hii tunayovuta, hivyo mapanga karibu hayana cha kusukuma. Ndiyo maana helikopta hiyo, Ingenuity, yenye kilo 1.8 tu, ilipewa mapanga ya mita 1.2 yanayozunguka karibu mara 2,400 kwa dakika. Ndugu wawili Wright, waliorusha ndege ya kwanza yenye injini, walihangaikia injini nyepesi na usukani, lakini mwaka 1903 angalau mmoja wao, Orville, alikuwemo chomboni akirekebisha. Mars, ishara ya redio huchukua dakika kadhaa kufika, kwa hiyo Ingenuity ilijiongoza yenyewe. Aprili 2021 iliruka mara ya kwanza, kwa sekunde 39. Orville, mara yake ya kwanza, alipata 12!