Maswali ya Wasomaji: Nijipange Vipi kwa Kongamano Kubwa la Programu Huria?

Swali: Ndugu Mhariri, mwakani nakusudia kuhudhuria kwa mara ya kwanza FOSDEM, kongamano la programu huria, yaani programu ambazo yeyote anaweza kuutumia na kuubadilisha msimbo wake. Nimeipitia ratiba ya kongamano lililopita nikakuta mamia ya mada, nyingi zikitolewa wakati mmoja katika majengo mbalimbali, na kila saa nimetia alama mada tatu au nne. Nichague vipi, na nijiandae vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kuchagua mada ni vema ulielewe kongamano lenyewe, kwa sababu shida yako inatokana na umbile lake. FOSDEM hufanyika Brussels, nchini Ubelgiji, Jumamosi na Jumapili za mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, katika kampasi ya Solbosch ya chuo kikuu cha Université libre de Bruxelles. Mkutano wa kwanza ulifanyika mwaka 2001 kwa jina la OSDEM, na siku hizi huwakutanisha zaidi ya watu 8,000. Hakuna kiingilio, wala hakuna usajili. Waandaaji hawana njia ya kujua mapema ni chumba kipi kitakachofurika, hivyo chumba kikijaa tangazo hubandikwa mlangoni na hakuna anayeingia mpaka mwingine atoke. Utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya usalama wa watu, na anayeusimamia hapo mlangoni ni mtu aliyejitolea bila malipo. Tafadhali usibishane naye.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mada karibu zote hurekodiwa na video zake huwekwa kwenye intaneti ili yeyote azitazame bure, kwa hiyo mada ambayo ungeisikiliza tu, bila swali wala neno la kumwambia mtoa mada, inaweza kusubiri urudi nyumbani. Kisichorekodiwa ni mazungumzo ya koridoni, kwenye meza ambako miradi ya programu hujitambulisha kwa wageni, na kwenye foleni ya chakula, na hayo ndiyo yanayostahili gharama ya safari yako. Anza basi kwa kuandika majina ya miradi unayoitumia kila siku au unayotamani kuichangia, kisha angalia ni chumba gani na ni meza gani watu wa miradi hiyo watakuwapo. Ukishafanya hivyo, zile alama tatu au nne za kila saa zitapungua zenyewe.

Ushauri wangu, ambao najua si wote wanaoukubali, ni kwamba uchague chumba kimoja cha wasanidi, yaani watengenezaji wa programu, kwa nusu siku na ukae humo. Vyumba hivyo huandaliwa na wanajumuiya wenyewe, kila kimoja kwa somo lake: hifadhidata, usalama, mitandao, lugha fulani ya programu, na kadhalika. Anayekaa humo tangu asubuhi huisikia mada moja ikiijibu nyingine, huwatambua wanaouliza maswali mazito, na mapumziko yakifika huwa tayari ana la kuzungumza na jirani yake wa kiti. Anayekimbia kutoka jengo moja hadi jingine kila baada ya nusu saa hupoteza muda mwingi njiani, na mara nyingi hufika mlango ukiwa umeshafungwa. Ikiwa ipo mada moja ya chumba kidogo usiyotaka ikupite kwa vyovyote, ingia chumbani humo wakati wa mada inayoitangulia. Katika ukumbi wa Janson, ambao ni mkubwa kuliko kumbi nyingine zote, hofu ya kukosa nafasi ni ndogo.

Jifunze pia kusoma majina ya vyumba kabla hujafika. Chumba kilichoandikwa K.1.105 kimo katika jengo K, ghorofa namba 1, chumba namba 105, H.1302 nacho kimo katika jengo H, ghorofa namba 1, chumba namba 302. Ukilizoea hilo hutahitaji kumsimamisha kila mpita njia, na utaona mara moja kwenye ratiba kwamba mada mbili zinazofuatana bila mapumziko, moja ikiwa K na nyingine AW, haziwezekani kwa mtu mmoja.

Yapo na madogo ya kuzingatia. Pakua ratiba kwenye simu kabla ya kuondoka, lakini iangalie upya kila asubuhi, maana mabadiliko ya dakika za mwisho ni ya kawaida. Beba betri ya akiba, kwa kuwa soketi za umeme ni chache kuliko kompyuta. Mtandao mkuu wa waifai wa hapo hutumia IPv6 pekee, yaani mfumo mpya wa anwani za intaneti. Programu ya zamani ikigoma kufanya kazi, jiunge na ule mtandao wa pili unaokubali pia IPv4, mfumo wa zamani. Na ikiwa uraia wako unadai viza ya Schengen, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yawasilishwe angalau siku 15 kabla yake, pamoja na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Kwa kuwa hakuna tiketi wala usajili wa kuonyesha, eleza madhumuni ya safari yako kwa maandishi yaliyo wazi na uambatishe ratiba ya kongamano.

Swali: Mimi ni mwoga wa kuwaendea watu nisiowajua. Nitamwanzaje msimamizi wa mradi ambao ninauheshimu sana?

Jibu: Nenda ukiwa na jambo mahususi. Mtu anayesimama mezani siku nzima akisikia sifa za jumla hufurahi, kisha hukosa la kusema; lakini ukimwambia, "Natumia programu yenu kwenye kompyuta ya zamani, na hitilafu hii niliyoiripoti bado inanisumbua," ukamwonyesha namba ya ripoti kwenye simu yako, mazungumzo yameshaanza. Mara nyingi atakuita upande wake wa meza mwitazame pamoja, au atakuelekeza kwa mwenzake anayeijua vizuri sehemu hiyo ya msimbo. Kiingereza chako kisikutie wasiwasi, kwani wengi wa waliopo hapo nao hawakuzaliwa nacho. Mwendee asubuhi mapema au wakati mada kubwa zinaendelea, meza zikiwa na watu wachache, na usimzuie mtoa mada jukwaani huku anayefuata akisubiri kuunganisha kompyuta yake. Mwombe mtoke naye nje.

Swali: Je, mgeni kama mimi anaweza kutoa mada?

Jibu: Anaweza. Miezi ya mwisho ya mwaka, kila chumba cha wasanidi hutoa mwito wake wa mada wenye tarehe yake ya mwisho, hivyo fuatilia mwito wa chumba chako badala ya kungoja tangazo moja la wote. Andika pendekezo fupi linalosema ulikumbana na tatizo gani, ulilitatua kwa njia ipi, na msikilizaji ataondoka akiweza kufanya nini. Likikataliwa, waulize waandaaji sababu kwa adabu, na siku ya kongamano nenda ukaketi katika chumba hicho hicho.