Dakika ya ngapi?

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Ni msimu gani wa michezo uliowahi kukukosesha usingizi, na timu yenyewe wala si ya kwenu?" Najua mtajaziwa barua za Leicester City ya 2016, na waandishi wake wana haki zao. Jibu langu ni Washington Nationals, mwaka 2019. Besiboli. Nikiutaja mchezo huu kwenye kundi la simu la watu wa Tanga tunaoishi huku Marekani, naulizwa kama siku hizi chai nainywa na baga. Mke wangu anauita rede ya wanaume.

Wala hajakosea sana. Tofauti ni kwamba kwenye rede ukipigwa na mpira umetoka, na huku ukipigwa unazawadiwa kituo cha bure. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Mimi ni dereva wa haya magari ya kuitwa kwa simu, Maryland na Washington. Mwaka ule nilikuwa naingia barabarani saa kumi jioni na kurudi saa saba usiku, na saa hizo mpira wa Ulaya umeshalala. Siwezi kuendesha bila mtu kunitangazia kitu. Nimekulia Ngamiani na redio ya baba ya National, betri zikichoka tunazianika juani zipate nguvu ya kumalizia kipindi cha pili. Mechi nyingi za Coastal Union, timu yetu ya Tanga, sikuziona kwa macho, nilizisikia. Basi jioni moja ya Aprili, katika kuzungusha redio ya gari, nikawaangukia watangazaji wawili wa mechi za Nationals, Charlie Slowes na Dave Jageler. Wanaongea taratibu kama watu walioketi barazani wakisubiri kahawa, mara hali ya hewa, mara habari za mchezaji wa zamani, halafu ghafla mmoja anapaza sauti na uwanja mzima unalipuka. Wiki tatu sikuelewa kitu, lakini sikubadilisha stesheni.

Aliyenifungua masikio ni abiria, mzee mmoja niliyempakia Anacostia. Akauliza nani anaongoza. Nikamwambia, mzee wangu, mimi nasikia kelele tu. Alicheka mpaka akakohoa. Tulipofika kwenye taa nyekundu alichota sarafu nne kwenye kikopo changu cha chenji, akazipanga juu ya ule mkono wa kiti katikati yetu, mfano wa uru kwenye karata. Hapa nyumbani, akasema. Unapiga mpira kwa gongo, unakimbia vituo hivi, hapa, hapa na hapa, unarudi nyumbani. Ukifika, pointi moja. Wenu watatu wakitoka, zamu yenu imekwisha, wanaingia wenzenu. Zamu tisa kila upande. Nikamuuliza swali la mtu wa kandanda: dakika ngapi? Akasema hakuna dakika.

Hapo ndipo nilipokamatwa, Mhariri. Sisi tumezoea kuona timu inaongoza bao moja, na kuanzia dakika ya 75 golikipa anaugua kila akidaka, beki anafunga kamba za viatu vya mwaka mzima, machela inaingia na kutoka. Kwenye besiboli hakuna pa kujilaza. Hata ukiongoza kwa pointi ishirini, lazima mrushaji wako amrushie mpinzani mpira, na lazima umtoe mtu wa 27. Mpaka umtoe huyo hujashinda, hata kukipambazuka. (Mwaka 2023 wameweka saa ya kumharakisha mrushaji, lakini ya kumaliza mechi bado hawajaweka, na naomba wasiweke.)

Sasa timu yenyewe. Nyota wao Bryce Harper alikuwa amewaacha na kuhamia Philadelphia kwa mkataba wa miaka 13 na dola milioni 330. Washington ilikuwa haijachukua ubingwa wa besiboli tangu 1924, na timu hii iliyohamia mjini kutoka Montreal mwaka 2005 ilikuwa imeingia kwenye mtoano mara nne, 2012, 2014, 2016 na 2017, na mara zote ikang'oka raundi ya kwanza iliyocheza. Mei 2019 wakaenda New York wakafungwa na Mets mechi nne mfululizo. Tarehe 23 rekodi ikasoma: kushinda 19, kupoteza 31. Wapiga simu redioni walimtaka kocha Dave Martinez afukuzwe kabla ndege haijatua. Kwetu angekuwa ameshapewa mkono wa kwaheri na mwenyekiti, na kocha wa muda ameshapiga picha na skafu. Huyu aliachwa. Msimu una mechi 162, zilikuwa zimebaki 112, na kati ya hizo walishinda 74.

Kilichobadilika ni nini? Wataalamu wana majibu yao. Mimi nawakumbuka wawili. Gerardo Parra, Mvenezuela aliyeachwa na San Francisco, aliokotwa mwezi Mei kama mchezaji wa benchi. Juni gongo lake lilikuwa limekufa ganzi, basi tarehe 19 akabadilisha wimbo unaopigwa anapoingia kupiga, akaweka ule wa watoto wa familia ya papa, Baby Shark, kwa sababu binti yake wa miaka miwili anaupenda. Mwanangu naye alikuwa na umri huohuo. Wimbo ule ulikuwa umenifukuza nyumbani, nikatoka mbio kwenda kazini, na kule nako nikaukuta, watu elfu arobaini wanafungua na kufunga mikono kama taya.

Siku hiyohiyo alirusha Max Scherzer. Macho yake hata siku za kawaida hayafanani, moja bluu na jingine kahawia. Jana yake mazoezini mpira ulikuwa umemrukia ukamvunja pua, kwa hiyo aliingia uwanjani jicho moja limezungukwa na weusi. Alicheza zamu saba bila kuruhusu pointi, watu kumi wakapiga hewa wakatoka. Mpinzani alikuwa Philadelphia, kwa Harper.

Lakini siku iliyonifanya niwe wao kabisa ni Septemba 3. Mets walikuwa wamekuja Washington, wakaingia zamu ya tisa wakiongoza 5 kwa 4, wakaongeza tano: 10 kwa 4. Mimi nilikuwa nimeegesha karibu na uwanja kuwangoja wanaotoka mapema, maana hao ndio riziki yetu. Akaingia baba mmoja na mwanawe wa miaka tisa hivi, kofia nyekundu mpaka kwenye nyusi, uso umevimba. Kesho shule, baba akasema, kama anayejitetea mahakamani. Tukaenda zetu Bowie. Redio niliipunguza kwa heshima ya msiba.

Kwenye daraja la Mtaa wa 11 tukasikia 10 kwa 5. Hakuna aliyesema neno. Tukaingia Barabara ya 50, ikawa 10 kwa 6, na mkono wa mtoto ukapita katikati ya viti ukaongeza sauti bila kuomba ruhusa. Ryan Zimmerman, mkongwe aliyekuwa na timu tangu mwaka ilipofika mjini, akapiga mpira ulioleta wawili: 10 kwa 8, na wawili bado wako vituoni. Baba akasema, "Dereva, samahani, simama hapo." Nikaingia kituo cha mafuta, nikazima injini. Kurt Suzuki akapiga. Slowes alianza kupanda sauti mapema, mpira ungali angani, na kabla hajamaliza sisi tulishajua: umetoka nje ya uwanja, wote watatu wanarudi nyumbani. Kumi na moja kwa kumi. Mtoto alipiga kelele ya furaha, kisha akamgeukia baba yake akaanza kulia kwa hasira: umenitoa! Yule bwana alitazama pampu za mafuta kwa muda. Halafu akasema, "Mama yako tutamwambia tulikaa mpaka mwisho."

Walimaliza msimu na ushindi 93. Oktoba 1 wakakutana na Milwaukee, mechi moja ya kufa au kupona, na wakafika zamu ya nane wako nyuma 3 kwa 1 mbele ya Josh Hader, mrushaji wa mkono wa kushoto asiyegusika. Hapa ndipo rede inaporudi. Michael A. Taylor akapigwa na mpira, akapewa kituo chake. Zimmerman akapiga gongo likavunjika na mpira ukadondokea mahali pasipo mtu. Anthony Rendon akasubiri mipira mibovu minne, naye akapewa kituo. Watatu vituoni, na wawili wameshatoka. Akaja Juan Soto wa Jamhuri ya Dominika, miaka 20, ana tabia ya kuchezesha miguu kwenye vumbi na kumtumbulia macho mrushaji. Akaupeleka kulia, mlinzi wa kule akainama kuuokota ukampita, wote watatu wakarudi nyumbani. Mzee wa sarafu angejivunia: nilizipanga tena kwenye mkono wa kiti na kuzisogeza moja moja.

Raundi iliyofuata ilikuwa Dodgers, timu ya ushindi 106. Mechi ya tano na ya mwisho, Los Angeles, tena zamu ya nane, tena nyuma 3 kwa 1. Rendon na Soto wakaipiga nje ya uwanja mipira miwili iliyofuatana ya Clayton Kershaw. Kershaw ni mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zake, na kumsikia redioni akinyamaziwa na uwanja wake mwenyewe haikuwa raha niliyoitarajia. Zamu ya kumi Howie Kendrick, mtu wa miaka 36, alikuta vituo vyote vimejaa akaufutilia mbali, wanne wakarudi kwa mpigo mmoja. Kisha St. Louis walichapwa mechi nne kwa bila, na sina zaidi la kusema juu yao.

Fainali ilikuwa na Houston Astros, ushindi 107, na ilikuwa na kituko chake. Nationals wakaenda Houston wakashinda mbili. Wakarudi nyumbani, ambako mji ulikuwa haujaona fainali tangu 1933, wakafungwa zote tatu na kupata pointi tatu tu kwa jumla. Nauli zilikuwa juu usiku ule lakini gari lilikuwa kama la kutoka makaburini. Scherzer alipangwa kurusha mechi ya tano, akaamka shingo imekaza asiweze kuinuka kitandani. Wakarudi Houston wakashinda ya sita. Kabla ya mwaka ule haikuwa imewahi kutokea kwenye fainali za besiboli mechi zote saba zikaenda kwa mgeni. Mtu wa Tanga aliyezoea kuhesabu pointi za nyumbani kama mtaji hilo linamsumbua kichwa.

Mechi ya saba, Oktoba 30, nilikuwa kwenye maegesho ya kusubiria abiria pale uwanja wa ndege wa Reagan, pamoja na madereva wa Kihabeshi, milango imefunguliwa, redio zote stesheni moja. Scherzer alirusha zamu tano na shingo yake ileile, akaruhusu pointi mbili tu. Mpaka zamu ya saba tulikuwa nyuma 2 kwa 0 (tazama, nimeshasema "tulikuwa"). Rendon akaupiga nje ya uwanja, 2 kwa 1. Soto akapewa kituo. Houston wakamtoa Zack Greinke, wakamleta Will Harris, na Kendrick, yuleyule mzee, akaupiga upande wa kulia ukaenda kugonga ile nguzo ya njano ya mpakani, ambayo ukiigonga ni halali: 3 kwa 2, tunaongoza. Simu yangu iliita safari ya kwenda Arlington. Niliikataa, na ya pili nikaikataa. Ilikwisha 6 kwa 2, karibu saa sita usiku, Daniel Hudson akimfanya Michael Brantley apige hewa. Madereva watu wazima wenye vitambi walisimama kati ya magari wakifungua na kufunga mikono kama papa.

Timu ile haipo tena. Rendon aliondoka majira yaleyale ya baridi, Soto akauzwa San Diego Agosti 2022, mwaka ambao Nationals walipoteza mechi 107. Stephen Strasburg, mchezaji bora wa fainali ile, alipewa mkataba wa dola milioni 245 na baada ya hapo mwili ulimruhusu kuanza mechi nane tu. Mimi bado nawasikiliza, kama ninavyoifuata Coastal Union, iliyochukua ubingwa 1988 nami nikingali nangoja wa pili.

Usiku ule, kabla sijawasha gari, nilimwandikia kaka yangu. Tanga ilikuwa inaelekea saa moja asubuhi, anafungua duka. Nikamweleza yote: tulikuwa nyuma, zamu ya saba, Kendrick, nguzo, mabingwa. Alama mbili za kusoma zikageuka bluu. Akaandika: "Hongereni. Hilo la nguzo, dakika ya ngapi?"