Ukitaka kufika mbali kwa setilaiti, elekea baharini

Vijana wanaoanza redio ya ridhaa hapa Malindi huniuliza swali lile lile: wanunue mtambo wa wati ngapi ili wafike mbali kwa setilaiti? Mimi huwaambia wasianzie kwenye wati. Setilaiti hupokea sauti yako na kuirudisha chini kwa mwenzako, kwa hiyo lazima nyote wawili muione ile ile kwa wakati mmoja. Ikishazama kwa mmoja wenu, hata uwe na wati elfu, mazungumzo yamekwisha. Kinachoamua umbali ni kimo cha setilaiti na uwazi wa upeo wako.

Kituo cha anga cha ISS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 na kitu, kwa hiyo wanaokitumia hawawezi kuachana zaidi ya kilomita 4,500 hivi. RS-44, setilaiti ya wanaredio wa Urusi iliyorushwa Desemba 2019, hupanda hadi kilomita 1,500, na mpaka wake unakaribia kilomita 8,000. AO-7, setilaiti kongwe ya wanaredio, haiko nyuma, nayo ndiyo kipenzi changu. Ilirushwa Novemba 1974, ikanyamaza 1981 betri zilipoharibika, kisha 2002 ikasikika tena! Sasa inaishi kwa jua tu. Ikiingia kwenye kivuli cha dunia, inazimika. Kabla ya kuahidiana na mtu, hakikisha itakuwa juani.

Sasa tazama bahati yetu. Mashariki mwa Malindi hakuna mlima wala ghorofa, ni maji matupu. Jakarta iko kama kilomita 7,400 kutoka hapa. RS-44 ikiwa kwenye kilele cha mzunguko wake, juu ya bahari kusini mwa Maldives, sisi tunaiona na Jakarta wanaiona, digrii mbili tatu tu juu ya maji. Perth ya Australia, karibu kilomita 8,500, haifikiki kwa njia hiyo, usijichoshe.

Hizo digrii mbili tatu ndizo kazi yenyewe. Wengi husubiri setilaiti ipite utosini kwa sababu hapo sauti ni safi. Anayetafuta umbali huchukua mapito ambayo wengine wanayaacha, yale yanayogusa upeo kisha yanatoweka. Toka kwenye minazi ushuke ufuoni, kwa sababu makuti mabichi hunywa mawimbi ya megahezi 435. Ielekeze antena kwenye mstari wa maji na usiinyanyue. Vaa vipokea sauti masikioni usikilize sauti yako mwenyewe ikirudi kutoka juu. Ikirudi nyembamba au nzito kupita kawaida, zungusha kitufe cha kupokelea taratibu mpaka ikae sawa, kwa maana mwendo wa setilaiti husogeza masafa ya mawimbi, yaani namba unayosikilizia redioni, muda wote.

Na nguvu punguza. Transponda ya RS-44, yaani kifaa kinachopokea sauti zetu na kuzirudisha chini, hugawa nguvu zake kati ya wote wanaoitumia, na anayepiga kelele huwafinya wenye sauti dhaifu. Yule dhaifu, aliye pembeni kabisa, ndiye uliyemfuata.

Bahati nasibu haisaidii hapa. Mwandikieni mapema huyo mwenzenu: saa, masafa, nani ataita kwanza. Dirisha linaweza kuwa chini ya dakika mbili, na salamu ndefu za Kiswahili, nazipenda, lakini ziwekeni kwa siku nyingine. Majina ya vituo na ripoti ya sauti vikifika pande zote mbili, mawasiliano yamehesabika. Upande mmoja ukikisia, hayajahesabika.

Daftari la kuandikia mawasiliano nalo lina mambo yake. Kila kitu huandikwa kwa saa za UTC, saa moja ya dunia nzima iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa mbili asubuhi ya Malindi ni 05:00, na mpaka saa tisa usiku tarehe ya UTC bado ni ya jana. Sisi wa pwani, ambao siku yetu huanza jua likizama, tuwe waangalifu zaidi: usiku tunaouita wa Ijumaa, kwenye daftari unaanza ukiwa Alhamisi. Andika pia mraba wako wa ramani, yaani herufi na namba ambazo wanaredio hutumia kutaja mahali walipo. Mji wa Malindi ni LI06, Lamu ni LI07.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na majina ya vituo vyetu huanza na 5Z4. Anza na hilo. Plagi za antena zifute chumvi kila unaporudi.

Wala asikuambie mtu kwamba anga ni mambo ya wageni. Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Setilaiti ya kwanza kabisa ya wanaredio wa ridhaa, OSCAR 1, iliruka tarehe hiyo hiyo mwaka 1961.

Mwenye mtambo Lamu ambaye angependa kujaribu Sumatra kusi ikitulia, aniandikie tupange siku.