Asilimia Isimezwe na Mauzo: Pau na Mstari Kwenye Chati Moja

Duka la leso la Biashara Street, Mombasa, likiuza shilingi 600,000 kwa mwezi, na faida ghafi ikawa asilimia 22, tarakimu hizo mbili haziwezi kukaa kwenye mhimili mmoja, yaani mstari wa vipimo pembeni mwa chati. Mstari wa faida utalala chini kabisa, na mwenye duka atadhani hapati kitu. Kwa hiyo pau zibebe shilingi, mhimili wake kushoto. Mstari ubebe asilimia, mhimili wake kulia.

Kwenye Excel, andaa safu tatu: mwezi, mauzo, asilimia ya faida. Andika 600000 bila neno lolote. Hiyo "Ksh" iongeze kupitia mpangilio wa seli (Format Cells). Ukiichapa kwa mkono, mara nyingi seli hugeuka maandishi na upau wa mwezi huo hauonekani. Kama safu ya kwanza ni miaka, acha wazi seli ya juu kushoto, la sivyo miaka nayo itachorwa kama mauzo. Kisha teua jedwali lote, ingiza chati ya mchanganyiko (Combo), na utie alama ya mhimili wa pili (Secondary Axis) kwenye faida peke yake.

Mhimili wa pau huanzia sifuri, hilo halina mjadala. Ukiuanzisha 500,000, mwezi wa 600,000 utaonekana umeuza maradufu ya mwezi wa 550,000. Mstari una nafasi zaidi: faida inayocheza kati ya 18 na 25 inatosha mhimili wa 0 hadi 30. Na mtu akikuuliza mbona mstari umekata pau mwezi wa Juni, mjibu kwamba hapo hapana maana yoyote. Badilisha kipimo cha kulia na makutano yanahama.

Chati ikilinganisha matawi ya duka badala ya miezi, usiyaunganishe kwa mstari. Kati ya Kongowea, Likoni na Mtwapa hakuna mfuatano wa kupanda wala kushuka, basi weka nukta tu.

Kwa wauza nguo wa Mombasa kuna mtego mwingine, nao ni Idd. Mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, mwaka 2025 ikaja Machi 31. Ukilinganisha Aprili na Aprili, biashara itaonekana imeporomoka, kumbe wateja walishanunua Machi. Panga jedwali kwa wiki, ukihesabu kurudi nyuma kutoka Idd, na pau za miaka miwili zikae ubavu kwa ubavu.