Pleya ya podikasti: izime, iwashe, ndipo uulize bei

Wateja wanaoingia ofisini kwangu hunikuta kwenye cherehani, na pembeni kuna mtu anazungumza kutoka kwenye kidude kidogo kilicholala karibu na mkasi: pleya ninayosikilizia podikasti, yaani vipindi vya mazungumzo vilivyorekodiwa. Swali linafuata lenyewe: fundi, hicho umenunua wapi, na mimi ninunue kipi? Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, leo naliandika.

Ukienda dukani, muuzaji atakusifia besi. Atakuonyesha taa zinazowaka rangi rangi na kukwambia inaingia kadi ya GB 128. Hayo yote ni mambo ya muziki. Wimbo ni dakika nne, ukikatika unauanza upya na hujapoteza kitu. Kipindi cha saa moja na nusu kuhusu malezi au historia ya Kilwa huwezi kukianza upya kila mteja anapokuja kupima gauni. Kwa hiyo sifa ninayoitafuta kabla ya zote ni moja: kifaa kikumbuke ulipoishia.

Kulijaribu hili ni kazi ya dakika mbili, na ulifanye ukiwa bado umesimama kwenye kaunta. Mimi nikienda Kariakoo hubeba memori kadi yangu mwenyewe, nimeweka vipindi viwili virefu na wimbo mmoja. Naiingiza, nasogeza kipindi mpaka katikati, nasikiliza sentensi moja niikariri. Halafu nazima kifaa kabisa, siyo kukisimamisha tu. Nakiwasha. Kikiendelea na sentensi ileile, sasa tunaweza kuzungumza bei. Kikinirudisha mwanzo wa kadi, namshukuru muuzaji na kumrudishia kifaa chake. Akikataa nisijaribu, nahamia duka la jirani, maduka yako mengi.

Likipita hilo, jaribu na hili. Ukiwa katikati ya kipindi cha kwanza, fungua cha pili, sikiliza kidogo, kisha rudi kwenye cha kwanza. Pleya nyingi za bei ya chini hukumbuka faili la mwisho tu. Kwa mtu anayesikiliza mfululizo mmoja mpaka umwishie, hiyo inatosha kabisa. Kwa anayerukaruka, leo dini, kesho biashara, jioni mpira, haitamtosha, na nitamwambia atumie nini hapo chini.

Kinachofuata ni batani. Mikono yangu imeshika kitambaa, macho yako kwenye sindano, na mteja anaita hodi. Nataka kidole kimoja kishuke, kiguse batani, sauti inyamaze, bila mimi kuangalia. Kioo cha kugusa hakiwezi kunifanyia hivyo. Kwenye daladala iliyojaa ni vilevile, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine uko mfukoni. Kishike kifaa, fumba macho, uone kama unaitambua batani ya kusimamisha na ya sauti kwa kupapasa. Angalia pia ukibonyeza na kushikilia ya kwenda mbele kinafanya nini. Vingine husogea ndani ya kipindi taratibu, vingine huruka moja kwa moja mpaka faili linalofuata, na hivyo vya pili vitakuudhi kila siku.

Kwa mafundi wenzangu, nawaomba msivae hedifoni za waya mkiwa mnashona. Waya unaning'inia, gurudumu linazunguka, na kichwa kiko karibu na sindano. Tumieni za Bluetooth, au kifaa chenye spika yake. Mimi huvaa sikio moja ili nisikie mteja na nisikie cherehani ikibadilika sauti, maana uzi ukitaka kukatika cherehani hutoa taarifa mapema. Ila ukivaa sikio moja kuna jambo la kujua: vipindi vingine vimerekodiwa mwenyeji kushoto na mgeni kulia, na wewe utasikia maswali bila majibu. Kwenye simu za Android, ndani ya mipangilio ya ufikivu, kuna sehemu ya kuunganisha pande zote mbili ziwe sauti moja. Kwenye pleya ndogo mara nyingi haipo.

Na sauti isipandishwe ili kushindana na mashine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Fundi wakati wa Idi au Krismasi anazipita saa hizo mbali.

Wengi wataniuliza kwa nini nisitumie simu yangu tu. Simu yangu ni ya wateja na ya kupokelea pesa, ikizima saa nane mchana nimefunga duka. Lakini simu janja ya zamani, isiyo na laini, iliyolala kwenye droo, hiyo ni mali. Kwa yule mrukaji niliyemtaja juu, hakuna kifaa kitakachomfaa kuliko hiyo. Programu kama AntennaPod ni ya bure, haina matangazo yake, inakumbuka ulipoishia katika kila kipindi, inaongeza kasi kwa anayezungumza pole mno, na inajizima baada ya muda uliopanga wakati wa kulala. Unapakua vipindi usiku penye Wi-Fi au kwa bando la usiku, mchana unasikiliza bila intaneti. Angalia tu betri yake isiwe imevimba. Kama mgongo wa simu umeinuka, achana nayo.

iPod zilizotumika bado zinauzwa. Apple waliitoa ya kwanza mwaka 2001 na kuacha kuzitengeneza mwaka 2022, hivyo betri zake zimechoka na kuzibadilisha kunahitaji fundi mzuri. Sishauri, isipokuwa umepewa bure.

Ukichagua pleya au redio ya kadi, ujue vipindi vinafikaje humo. Vilivyopakuliwa ndani ya Spotify haviwezi kuhamishwa, vinabaki mlemle. Unahitaji faili lenyewe, na liwe MP3, kwa sababu vifaa vingi vya bei nafuu havifungui mafaili ya aina ya m4a, wala zile sauti za WhatsApp ambazo watu hutumiana mawaidha. Majina yaanze na namba za tarakimu mbili: 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, kipindi cha 10 kinaweza kuchezwa kabla ya cha 2. Kuna vifaa visivyojali majina kabisa, vinafuata mpangilio uliotumia kunakili, kwa hivyo nakili kimoja kimoja kwa zamu.

Kadi kubwa usiihangaikie. Maneno hayali nafasi. Kipindi cha saa moja kwa ubora wa sauti wa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 58, na kwa kilobiti 64, ambazo kwa mazungumzo zinasikika vizuri tu, ni nusu ya hapo. Kadi ya GB 8 inabeba zaidi ya saa 120 kwa kile kiwango cha juu. Tena zinazozidi GB 32 kwa kawaida huja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT ambao pleya nyingi ndogo haziusomi, unabaki na kadi nzuri na kifaa kinachosema hakuna kadi.

Kwa wazee ninabadilisha ushauri wote. Mama yangu mkubwa nilimchukulia redio ndogo ya kadi yenye spika na batani nene, inayotumia betri ya BL-5C, ileile ya simu za Nokia za zamani. Betri hiyo inapatikana kila mtaa, inachomoka, na nyingine inakuwa kwenye chaja ya kobe ikimsubiri. Anasikiliza mawaidha, akichoka anageuza kwenye taarifa ya habari ya redio. Kwake kukumbuka kilipoishia si muhimu kama kuweza kuiwasha mwenyewe bila kuita mjukuu.

Ukishalipa, omba risiti na mkubaliane siku za kurudisha. Kadi mpya ijaze usiku huohuo mpaka ikatae, kisha cheza mafaili ya mwisho uliyoyaweka. Kadi bandia zipo nyingi: imeandikwa GB 32, ndani ni 4, majina ya vipindi yote utayaona lakini vya mwisho haviimbi au vinakwaruza. Ukiona hivyo, kesho yake asubuhi uwe dukani na risiti yako.